Kabureta Huguswa Mwisho

Ukifungua boneti ya Datsun 240Z, jicho huenda kwenye kabureta kwanza. Ziko mbili, zimekaa upande wa kushoto wa injini, kila moja ikilisha silinda tatu kati ya sita, na kila moja imevaa kofia ya alumini ya mviringo. Kwa kuwa zinaonekana, ndizo zinazolaumiwa. Gari likimisi, kabureta. Likinuka petroli, kabureta. Likigoma kuwaka asubuhi, kabureta tena. Bisibisi hutolewa, skrubu zikazungushwa robo huku, nusu kule, na ikifika jioni hakuna anayekumbuka zilikuwa zimesimama wapi.

Fundi ninayemweleza hapa ana gereji Shimanzi, Mombasa, na sifa yake kwa wenye magari ya zamani ni kwamba kabureta huzigusa mwisho. Jina lake hakutaka liandikwe. Alisema wateja alio nao wanamtosha. Kijana anayemfundisha kazi ni mtoto wa kaka yake, humwita Ami, na wateja wengi nao wamefuata njia hiyo hiyo. Nami nitamwita hivyo.

Datsun iliyoletwa kwake ilikuwa imeshuka kutoka Nairobi. Kule juu, mwenyewe alisema, lilikuwa likitembea bila kasoro. Alipohamia pwani kikazi na kulishusha kwa barabara, matatizo yakaanza. Likisimama kwenye taa injini inatetemeka, na ukikanyaga mafuta ghafla linapiga chafya kupitia kabureta, linasita, ndipo livute. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua ugonjwa ni nini.

"Ami, ni kabureta tu. Ziongezee mafuta kidogo nikuache upumzike."

"Huenda ukawa kweli, bwana. Tutazifikia. Wewe liache hapa lilale, kesho nilikute limepoa."

Mwenye gari hakuwa amekosea kabisa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya Mombasa. Injini ya petroli huunguza vizuri pale kila gramu moja ya mafuta inapokutana na gramu 14.7 za hewa. Fundi wa Nairobi hupunguza mafuta yalingane na hewa ile nyepesi. Gari likishuka mpaka baharini, hewa inakuwa nzito, mafuta ni yale yale machache, na mchanganyiko unakuwa hafifu. Kabureta hizi, ambazo Hitachi ilizitengeneza kwa leseni ya SU ya Uingereza, hujirekebisha kwa kiasi fulani. Kiasi kinachobaki ni kazi ya mkono.

Lakini injini yenye mchanganyiko hafifu na injini yenye pointi mbovu hutetemeka karibu sawa. Inayovuta hewa ya wizi kupitia mpira uliopasuka nayo hupiga chafya ile ile. Ukiongeza mafuta kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo, umeuficha ugonjwa mmoja nyuma ya mwingine.

Asubuhi kazi ilianza injini ikiwa baridi. Ami alifungua plagi zote sita na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake, ya kwanza kushoto, ya sita kulia. Hakuzisafisha. Alivaa miwani, akaziangalia moja moja, kisha akamwita kijana.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Nyeupe, Ami. Zote."

"Tazama tena."

Kijana akainama. Zote zilikuwa zimepauka, kweli, lakini namba nne, tano na sita zilikuwa nyeupe zaidi kuliko tatu za mbele. Ami hakusema kitu, akaendelea na kazi nyingine. Hewa ya pwani ingepausha zote kwa kiwango kimoja. Tofauti ile ilikuwa na sababu yake, na sababu ingesubiri zamu yake.

Kifuniko cha valvu kilifunguliwa. Injini hii, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ina kemshafti juu ya kichwa cha silinda na valvu kumi na mbili chini yake. Plagi zikiwa nje, injini huzunguka kwa urahisi, hivyo Ami alikuwa akiisukuma kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele, pole pole, mpaka nundu ya kemshafti igeukie juu na valvu ifunge kabisa. Hapo ndipo huingiza fila geji, yale majani membamba ya chuma yenye vipimo. Injini ikiwa baridi, valvu ya kuingiza hewa hutakiwa nafasi ya milimita 0.20, na ya kutolea moshi milimita 0.25. Ikiwa ya moto, vipimo ni 0.25 na 0.30, kwa hiyo fundi asiyejua injini iko katika hali gani anapima kitu kingine kabisa.

Nilimtazama mikono zaidi kuliko majani. Spana namba 17 hulegeza nati ya kufungia, namba 14 huzungusha nguzo ya roka, na mkono wa tatu, ambao binadamu hakupewa, ndio unaotakiwa kushika fila geji. Ami alikuwa ameubana ukingo wa jani kati ya kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto, huku vidole vingine vya mkono huo huo vikishika spana. Jani lilipopita likivutwa kidogo, lisiteleze bure wala lisikwame, akakaza nati. Kisha akapima tena. Kukaza nati husogeza kipimo, kidogo sana, lakini husogeza. Baada ya hapo aliingiza jani lililozidi unene kwa nukta chache, akahakikisha linakataa. Valvu kumi na mbili zote zilipita njia hiyo. Tatu zilikuwa zimebana. Valvu iliyobana haifungi sawasawa, na silinda isiyofunga sawasawa haitasikia la kabureta yoyote.

Ndipo akaja kwenye distribyuta. Pointi hutakiwa kuachana kwa milimita 0.5 hivi, za gari hili zilikuwa karibu kugusana wakati wote. Kile kisigino kidogo kinachosuguana na kemu ndani ya distribyuta kilikuwa kimelika. Kisigino kikilika nafasi hupungua, cheche huchelewa, injini hupoteza nguvu, na anayeendesha hudhani mafuta ni machache. Ami aliweka pointi mpya, akapaka kemu grisi kiasi cha punje ya mtama, akapitisha kipande cha karatasi safi kati ya nyuso mbili za pointi ili kuondoa mafuta ya vidole. Karatasi ilitoka na alama ya kijivu. Akapitisha nyingine, ikatoka safi.

Plagi zilirudi zikiwa na nafasi mpya, injini ikawashwa, taa ya taimingi ikamulika alama kwenye puli. Hapo tayari gari lilikuwa limebadilika. Mtetemo ulikuwa umepungua nusu, na kabureta hazijaguswa.

Ule weupe wa plagi za nyuma haukuwa umesahauliwa. Injini ikiwa inazunguka polepole, Ami alichukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta lenye mrija mwembamba na kuanza kunyunyiza tone kwa tone pembezoni mwa gaskiti ya manifoldi, kuanzia mbele. Pasipo na ufa hapatokei kitu. Penye ufa, injini huivuta ile dawa na sauti hubadilika. Alipofika nyuma, kwenye mpira mdogo wa hewa uliofungwa kwenye manifoldi, injini ilipandisha mwendo ghafla kisha ikarudi. Akanyunyiza tena, ikapandisha tena. Aliupindua mpira ule juu chini: upande unaoonekana ulikuwa mzima, mweusi na laini, na upande wa chini ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Mpira mpya na vibano viwili ulikuwa ndio mwisho wa hadithi ya plagi nyeupe za nyuma.

Niseme jambo moja kuhusu gari hili, maana wasomaji wengine watakuwa wanalijua kwa njia nyingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alilishinda tena kwa gari la aina hiyo baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Yale ya mashindano yalifungwa kabureta tatu kubwa. Hili la mtaani lina mbili za kiwandani, na mimi naona ndizo ngumu zaidi kuelewana nazo, kwa sababu hazisamehe uchakavu mdogo.

Sasa zamu yao ilikuwa imefika.

Ndani ya kila kofia ile ya alumini mna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea ncha, na sindano hiyo imezama ndani ya tundu la jeti linalotoa petroli. Injini ikivuta hewa nyingi, pistoni hupanda, sindano hutoka, tundu hupanuka, mafuta huongezeka. Hewa ikipungua, vyote hushuka pamoja. Hakuna kingine. Ndugu wa ukoo wa Skinner, walioibuni kabureta hii Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, walitoka kwenye familia ya wafanyabiashara wa viatu, na za kwanza walizitengeneza kwa kiriba cha ngozi mahali ambapo baadaye pakawekwa pistoni ya chuma.

Ami alifungua vizibo vya juu, akaingiza kidole mdomoni mwa kabureta ya nyuma, akainua pistoni mpaka juu na kuiachia. Ilianguka na kugonga chini: tak. Akafanya hivyo kwa ya mbele. Ilishuka kama inayotafakari, ikatua bila sauti. Akarudia, safari hii akiniashiria nisogeze sikio. Tofauti ilikuwa wazi hata kwangu.

Kabla ya kufungua skrubu za kofia alichukua penseli, akachora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye kofia hadi kwenye mwili wa kabureta. Kofia lazima irudi ilivyokuwa, na pistoni ya mbele haibadilishani kofia na ya nyuma, kwa kuwa kila jozi ilichongwa ilingane. Ndani palikuwa na utando wa kahawia, mabaki ya petroli na vumbi lililopenya chujio. Aliufuta kwa kitambaa laini kilicholowa petroli. Kijana alikuwa ameshika kipande cha msasa, na Ami alimtazama tu. Msasa ukarudi mfukoni. Nafasi kati ya pistoni na kofia ni ndogo mno, na mkwaruzo mmoja hugeuka njia ya hewa maisha yote. Alihakikisha bega la sindano liko sawa na uso wa chini wa pistoni, akaangalia kama sindano imepinda kwa kuizungusha mbele ya mwanga wa mlango, akarudisha kila kitu kikavu bila tone la oili ubavuni. Akainua, akaachia. Tak. Akaenda kwenye ya nyuma. Tak. Zilikuwa zimelingana.

Oili nyepesi ya namba 20 ilimiminwa kwenye shingo ya kila pistoni. Oili hiyo huizuia pistoni isiruke dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Kwa nukta hiyo fupi hewa hupita kwa kasi juu ya jeti na kuvuta petroli zaidi, jambo ambalo injini inalihitaji hasa. Shingo ikiwa kavu, gari hupiga chafya. Ya mbele ilikuwa karibu kukauka.

Injini iliwashwa tena ikaachwa ipate moto kamili. Chujio la hewa lilikuwa limeondolewa, na vyuma vinavyounganisha kabureta mbili vimetenganishwa ili kila moja ijitegemee. Ami alichukua mpira wa urefu wa mkono, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, mahali pale pale, pembe ile ile, kisha kwenye ya nyuma. Kabureta hutoa mlio wa hewa inayopenya kwenye upenyo. Mlio ukiwa mzito, inavuta zaidi. Alizungusha skrubu ya mwendo ya nyuma kwa unene wa kucha, akasikiliza mbele, akarudi nyuma. Alipumzika kidogo. Akaanza upya.

Anacho pia kipimo cha kioo chenye kidude kinachoelea, na alikiruhusu kijana akitumie baada ya yeye kumaliza. Kidude kilisimama kwenye mstari mmoja kwa kabureta zote mbili. Nilitegemea atabasamu. Alimwambia kijana afunge kile kipimo kwenye kitambaa chake kisije kikavunjika.

Ndipo mafuta yenyewe. Chini ya kila kabureta kuna nati ya duara inayopandisha na kushusha jeti. Ikipanda, mafuta hupungua, ikishuka, huongezeka. Ami alizipandisha zote mbili mpaka juu kabisa, akihesabu kwa sauti ya chini ili ajue fundi wa Nairobi alikuwa ameziacha wapi, kisha akazishusha mizunguko miwili na nusu, pale anapoanzia siku zote. Kwa ubavu wa kabureta kuna kijipini. Ukikisukuma juu, kinainua pistoni kwa kiasi cha milimita moja. Hicho ndicho kinachotoa hukumu. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ukishuka na injini kutaka kuzima, yamepungua. Ukipanda kidogo sana kisha ukatulia pale ulipokuwa, basi.

Alisukuma kipini cha mbele. Injini ikayumba, ikataka kuzima. Akashusha nati ya mbele kidogo, akasukuma: ikayumba, lakini kidogo. Akashusha tena. Safari hii mwendo ulipanda kama pumzi na kutulia. Akahamia nyuma na kufanya vile vile, kisha akarudi mbele, na ya mbele haikuwa sawa tena. Kabureta mbili zinalisha injini moja, na kati yao kuna bomba linalosawazisha. Ukigusa hii, ile nayo husikia. Fundi mwenye haraka hukasirika hapa. Ami alirudi na kurudi, kila mara kwa robo ya robo, na kila baada ya dakika chache alipandisha mwendo wa injini kidogo, akauacha usafishe plagi, akasubiri ushuke, ndipo asukume kipini. Feni ya mezani ilikuwa imewekwa mbele ya rejeta kwa sababu gari lililosimama halipati upepo, na injini iliyopata moto kupita kiasi hudanganya.

Kwa muda mrefu hapakuwa na maneno gerejini. Kijana alikuwa amesimama kwenye bomba la ekzosi, kiganja nyuma yake, akisikiliza mapigo ya moshi. Alipoinua dole gumba, Ami alikuwa tayari ameshaweka bisibisi chini.

Vyuma viliunganishwa tena. Mwendo ulipandishwa na kushikiliwa juu, mpira ukarudi sikioni, na skrubu ya katikati ya muunganiko ikarekebishwa ili kabureta zote zifunguke kwa wakati mmoja dereva anapokanyaga. Wengi huishia kwenye mwendo wa chini, gari likatulia vizuri gerejini na kuvuta vibaya barabarani.

Jaribio la mwisho lilikuwa kupanda upande wa Changamwe, gari likibeba mzigo wa kilima, kisha kusimama kando mahali salama na kuzima injini hapo hapo, bila kuiacha izunguke polepole. Ami alifungua plagi ya kwanza na ya sita kwa kutumia kitambaa, maana zilikuwa za moto. Petroli ya siku hizi isiyo na risasi haiachi rangi nzito kama ya zamani, kwa hiyo alilazimika kuzigeuza kwenye jua ili aone: kahawia hafifu kwenye kauri, zote mbili, hakuna iliyopauka kuliko mwenzake. Alizirudisha, akampa mwenye gari usukani kwa safari ya kurudi. Lilivuta tangu chini bila kusita.

Kwenye daftari la shule lenye jalada lililochakaa, chini ya namba ya gari, aliandika vipimo vya valvu, nafasi ya pointi, na idadi ya mizunguko ya kila nati, safu moja ikiwa ya Mombasa na nyingine ikiwa ile aliyoihesabu mwanzoni, ya Nairobi. Mwenye gari akipanda tena kule juu, atampa fundi wake safu ya pili aanzie hapo badala ya kuanza kubahatisha.

Kwa yeyote anayetaka kazi ya namna hii: gari lifikishwe jioni ya siku iliyotangulia na liachwe lilale gerejini. Ukilileta asubuhi likiwa la moto, Ami atalipokea, atakukaribisha chai, na hatalifungua mpaka kesho yake.